Yupo, Ametoka Kidogo

Kambini, jina likiitwa halianguki chini. Mwenye kipaza sauti akiita, na mwenye jina kaenda kutafuta kuni, jirani humwitikia: "Yupo, ametoka kidogo." Si uongo huo, ni ujirani. Jina lisiloitikiwa hufutwa, na aliyefutwa hali, hatibiwi, hata akifa hana wa kumhesabu. Naye aliyeitikia hupokea mgao wa mwenzake akampelekea mlangoni. Karoli, Mrundi aliyezaliwa na kulelewa kambini huko Kigoma, aliitikia majina ya watu tangu hajaota ndevu. Wengine hakuwahi kuwaona hata sura.

Mwaka 2016 ulimkuta Columbus, Ohio, katika maghorofa ya Northland, kando ya Barabara ya Morse. Alikuwa mpakiaji wa maboksi kwenye ghala, na aliishi na mama yake, Nyirabeza, ambaye figo zilikuwa zimemgomea. Kila baada ya siku moja mama alipanda basi kwenda kliniki kusafishwa damu, na basi lilisimama mbele ya lango lao. Uhai wa bibi yule ulining'inia kwenye kituo kile. Miguu yake ilimfikisha pale, haikumfikisha mbele ya pale.

Kiangazi kilipoanza, nguzo ya kituo ikabandikwa tangazo: kituo kitaondolewa. Mji unakua, likasema, na mabasi lazima yaende kasi. Haya. Mtoto naye hukua, lakini hamli mama yake. Kituo cha pili kilikuwa ng'ambo ya makutano makubwa, ambako hakuna njia ya miguu na magari hayamjui mzee wala mgonjwa.

Jirani yao Nsimire, ambaye Karoli alimwita Mama Grâce kwa jina la bintiye, Mkongo wa Bukavu aliyelea vikongwe wa Kizungu kule Clintonville, alipanda basi hilohilo.

"Kuna mukutano," akamwambia Karoli. "Mutu asipokuya, batasema amekubali. Donc, tuende tukatae."

"Kizungu changu kitatosha, Mama Grâce?"

"Kizungu yako ni kama viatu ya kuazima. Bon, utatembea nayo tu."

Mkutano ulifanyika ukumbi wa maktaba, jua likiwa bado juu. Mwanamke mwenye miwani aliwaita waliojiandikisha kusema, mmoja mmoja. Wakasimama wenye magari yao kueleza jinsi mabasi yanavyopaswa kwenda. Asiyeitikia aliporukwa, hakuna aliyeuliza kapatwa na nini.

"Lucius Tolliver," akaita yule mwanamke.

Akaita tena bila kuinua macho, kama mtu anayejua hatajibiwa. Alipoita mara ya tatu, mdomo wa Karoli ulifunguka wenyewe.

"Yupo," akasema kwa Kiingereza chake. "Ametoka kidogo."

Vichwa vikageuka. Mwanamke akavua miwani, akaivaa tena. "Basi," akasema taratibu, "tutamngoja."

Hapo kiti kitupu kilichokuwa kando ya Karoli kikalia kwii, kama kinavyolia kiti kilichopata mtu.

"Ule ni nani?" Nsimire akanong'ona.

"Simjui."

"Na umemuitikia?"

"Si ameitwa?"

Muda ukaisha kabla zamu ya Karoli haijafika. Waliobaki wakaambiwa watasema mkutano ujao, kisha kura ipigwe. Nje, mama mmoja Mmarekani Mweusi, mzee mwenye kofia ya kanisani, akamshika Karoli mkono.

"Umemjibia jirani yetu," akasema. "Nyumba yake ilikuwa pale inapopita barabara kuu sasa. Walipokuwa wanachagua nyumba za kubomoa, waliitisha mkutano saa ambazo watu wako kazini. Jina lake likaitwa, yeye yuko kiwandani, na hakuna aliyeitika. Wakasema hana pingamizi. Alifia chumba cha kupanga, zamani sana. Lakini kila mkutano wa barabara ninaokwenda katika mji huu, jina lake huitwa. Wenyewe wanasema si wao wanaoliandika. Wamezoea kuliruka." Akamtazama Karoli kwa huruma, au kwa hofu. "Sisi tuliomjua hatukuthubutu kumjibu, mwanangu."

Habari hiyo Karoli aliijua kabla ya kuisikia. Binamu yake Medard, kule Buffalo, alimwonyesha handaki la magari lililochimbwa katikati ya mtaa wa watu Weusi, pale palipokuwa na safu za miti na watu wakibarizi. Rafiki yake Bagula, kule Louisville, aliegesha gari kwenye uwanja mpana wa lami ambao wazee wanakumbuka ulikuwa maduka, vinyozi na kumbi za muziki. Miji mitatu, kisu kimoja, shingo zilezile.

Basi la kurudi lilijaa hadi watu wakasimama, lakini kiti cha kando ya Karoli hakikukaliwa. Binti mmoja mwenye begi la chuo aliinama akikalie, akaruka nyuma. "Samahani, mzee," akakiambia kiti. Walipofika juu ya daraja la barabara kuu, kengele ikalia. Pale hapana kituo. Dereva akasimama hata hivyo, akafungua mlango. Hakuna aliyeshuka. Joto lote la ndani lilitoka, wakabaki wanatetemeka mwezi wa saba.

Nyirabeza aliposimuliwa, hakushtuka. "Uliyemwitikia ni wako," akasema. "Mgao wake uko wapi?"

"Hakupewa kitu, mama. Hapa watu hugawiwa dakika mbili za kusema, basi."

"Maneno hayashibishi."

Tangu hapo, kila akienda kliniki, mama alifunga ugali na maharage kwenye kitambaa, akauweka mzigo kwenye kiti cha kando yake. Alirudi na kitambaa kitupu. Karoli angedhani anakula mwenyewe, lakini maharage daktari alishamkataza, na Nyirabeza alikuwa mtu wa kushika miiko.

Siku ya mkutano wa pili, msimamizi wa ghala akatangaza ovataimu ya lazima. Karoli akamfuata, akamweleza habari ya mama yake na kituo.

"Kila mtu ana mama," msimamizi akasema. "Atakayetoka asirudi."

Karoli akarudi kwenye maboksi. Aliitazama saa ya ukutani hadi macho yakamuuma. Alijua kwamba kule maktaba jina linaitwa mara ya kwanza, mara ya pili. Nsimire alizaliwa mjini. Hakulelewa kambini, hangejua kumwitikia mwenzake. Basi wataandika kwamba Karoli hana pingamizi, kama walivyomwandika yule. "Nipo," akasema kati ya maboksi, lakini sauti ya mtu haivuki mji.

Alipofika nyumbani alimkuta Nsimire langoni, mikono kiunoni, anacheka.

"Kituo inabaki. Bamepiga kura, inabaki. Lakini wewe Karoli uko mufichaji."

"Nani aliyesema mkutanoni?"

"Ni nani mwingine? Baliita jina yako, ukaitika mara moja. Ukasimama na ile koti nzito, na hii joto yote, nikasema huyu iko na malaria. Na ile Kizungu, ulikuwa unaificha wapi siku zote? Ule mama wa miwani alilia."

"Mama Grâce, nilikuwa kazini."

"Usinicheze."

"Muulize yeyote. Sasa hivi ndiyo nashuka." Akaegemea ukuta. "Nilisema nini?"

"Ulisema mama yako ni mugonjwa, kituo isitoke." Kicheko kikaanza kumkauka Nsimire usoni. "Kiisha ukasema nyumba yako ilikuwa pale kwenye daraja. Nikasema bon, amechanganya maneno. Ukasema ulikuwa kazini siku ile, na jirani yako naye leo iko kazini." Mikono ikamshuka kutoka kiunoni. "Karoli. Ulipotoka, haukupita mlango."

Kesho yake Karoli akamsindikiza mama hadi kituoni. Tangazo lilikuwa limebanduliwa. Basi likaja, wakapanda wote wawili, na dereva hakufunga mlango upesi. Alingoja kidogo, kama anavyongojewa mtu mwenye miguu mizito. Nyirabeza akakaa, akafungua kitambaa kwenye kiti cha kando, mvuke ukapanda.

Karoli alisimama mbele yao akishika bomba. "Asante, jirani," akasema chini chini, kwa Kiswahili, maana hakujua kumshukuru mtu wa namna hiyo kwa lugha nyingine. Tonge moja la ugali lilikuwa limebonyea katikati, alama ya kidole gumba, na akashindwa kuondoa macho.

"Usimkodolee," mama yake akamkemea. "Hukufundishwa? Anakula."