Taa ya Ukumbini

Baba mkwe alikuwa ameshafunga begi. Jumamosi anarudi zake Kwihara. Sababu hakuitamka, lakini mimi niliijua: ndoo.

Nyumba yetu ya Isevya ina ukumbi mrefu. Chumba changu kiko mwanzoni, chake mwishoni karibu na mlango wa uani. Swichi ya taa ya ukumbini ilikuwa kando ya mlango wangu, na Mzee Luhende si mtu wa kusogelea mlango wa mkwewe. Akienda chooni alipapasa gizani, mpaka siku alipojikwaa kwenye ndoo akateguka mguu. Sasa akiondoka, mwanangu Koleta jioni atabaki na nani? Ningelazimika kuacha darasa langu la jioni la ufundi umeme, basi.

"Tafuta fundi," mume wangu alisema kwenye simu, yuko Igalula kikazi.

"Fundi ninaye. Ndiye anayekusongea ugali ukirudi."

Ijumaa mchana nikazima meni swichi, nikapitisha waya ukutani na kufunga swichi mbili za kuwasha taa moja: hii kwangu, hii mlangoni kwake. Nikarudisha umeme. Kubonyeza yangu, taa ikawaka! Nikaizima, nikamwachia Baba ajaribu.

Yake ikalia *kta*. Taa haikuwaka. *Kta* tena. Nikasikia anakohoa.

"Koleta, kamwambie mama yako taa hii ina adabu mno. Bila ruhusa yake haiwaki."

Mtoto akaja mbio. "Mama, taa ina adabu!"

Nilicheka, machozi yananilenga. Kweli, swichi yake ilitii tu pale yangu ilipokuwa imewashwa. Afadhali angebaki na giza lake kuliko kuniomba ruhusa kila saa.

Nikakaa chini nikafikiri. Kila swichi ya aina ile ina skrubu tatu. Mbili ni za nyaya zinazopita kati ya swichi na swichi. Ya tatu iko peke yake, inapokea umeme au inaupeleka kwenye taa. Mwalimu Veneranda alituambia tusome alama, tusikariri mahali. Mimi nilikariri. Swichi ya darasani ina skrubu hiyo juu, nami nikafunga zote hivyo hivyo. Ya Baba, ya kampuni nyingine, ilikuwa nayo chini.

Nikazima meni tena. Nilipopiga magoti mlangoni kwake, yeye aligeuza kiti akatazama uani, kama heshima inavyotaka. Nikahamisha waya, nikakaza, nikarudisha umeme.

"Jaribu, baba."

Ikawaka. Nikaenda kwangu nikaizima. Akaiwasha. Nikazima. Akawasha.

"Koleta, mwambie mama yako asinichezee. Tena anachelewa darasani."

Nilikimbia nikiwa na vumbi la ukuta kichwani.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa linaning'inia kwenye kamba uani, tupu, linachuruzika maji. Amelifua mwenyewe.