Zamu ya Bendera

Kila asubuhi, machimbo yanapojaa vumbi, dereva wa lori kubwa la mawe alifuta kioo cha kamera kwa pindo la shati, akawasha skrini, akamsalimia shemeji yake. Shemeji, mume wa dada yake, alisimama konani na bendera nyekundu. Akiiinua, lori lilisimama, akiishusha, lilipita. Skrini ilimwonyesha vizuri. Dirishani hakuonekana, kwa sababu alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, chini ya lori hilohilo.

Lori lilikuwa na kengele ya kumwonya dereva vumbi likificha mtu. Ililia kwa kila jiwe, kazi ikasuasua, msimamizi akaukata waya wake. "Inatuchelewesha," alisema. Wiki ileile shemeji akagongwa.

Marehemu hakukosa kazini hata siku moja. Msimamizi alimsifu mbele ya wafanyakazi wote: haumwi, haombi likizo, hana maneno mengi. Alipokuwa hai hakuwahi kuambiwa hata ahsante.

Aliyeumia ni dada.

"Kaka, mume wangu hajapumzika," alisema akimimina chai. "Hata kufa wamemnyima. Unganisha hiyo kengele ilinde watu badala yake, arudi nyumbani."

"Watanifukuza, dada."

"Nani alikuwa kwenye usukani siku ile?"

Kaka aliweka kikombe chini, akaomba koleo.

Kesho yake dereva aliuunganisha waya. Kengele ikalia, lori likaenda mwendo wa kinyonga. Kwenye skrini shemeji akasikiliza kidogo, akakunja bendera, akajipangusa vumbi, akaondoka. Jioni dada alimkuta kitandani, buti miguuni, anakoroma. Akamvua buti taratibu, akalia kwa furaha.

Msimamizi hakugomba. Aliukata waya tena, akampa lori mtu mwingine, akamkabidhi dereva bendera.

"Lori la pili halina mtu wa kuliongoza."

"Na kengele yake?"

"Inatuchelewesha. Usipotaka, lango lile pale."

Alfajiri dada alifunga chakula cha watu wawili. Mumewe alikuwa ameshavaa buti. Dada akawafungulia mlango.

Njiani shemeji alimwonyesha kaka mtu namna ya kushika bendera, na upande wa kusimama upepo ukigeuka. Hakuwa na kinyongo.

"Ila dereva usimtegemee," alisema. "Hata awe ndugu yako."