Chumvi ya Wajina

Katika baa moja ya Mwairishi, mtaa wa pili kutoka stesheni kuu, kuna picha ya wanaume watatu weusi wamevaa skafu za kijani. Chini yake mwenye baa ameandika kwa mkono wake: Paddy, Paddy na Paddy. Wa katikati ni kaka yangu.

Wote watatu walibatizwa Patrick, na Waairishi ukiitwa Patrick hawakuulizi, wanakuita Paddy. Wa kushoto ni Obiero, Mjaluo wa Kenya, mkimbiaji wa zamani ambaye hata Waswedi wanamsimamisha njiani kumsalimu. Yeye jina la Paddy alipewa shuleni na bruda wa Kiairishi aliyekuwa akiwashikia saa uwanjani. Wa kulia ni Wambura, aliyezaliwa hapa hapa Stockholm kwa wazazi wa Musoma. Ni diwani, na kila wakizungumza kwenye televisheni habari za vijana wa mitaa yetu, uso wake upo. Yeye jina alijipa mwenyewe, kwa sababu wapiga kura walilikamata upesi. Kaka yangu alipewa na huyo mwenye baa, siku alipoimba pale na gitaa lake kwa Kiswahili cha kwetu Fizi, Kongo, mpaka wazee wa Kiairishi wakafuta macho bila kuelewa neno. Tangu hapo, harusi ya Wakongo, ya Warundi, ya Wakenya, tangazo linasema tu “Paddy atakuwepo”, na ukumbi unajaa.

Nisikuchanganye. Obiero nitamwita Obiero, Wambura nitamwita Wambura, na kaka yangu nitamwita yaya, yaani mkubwa wangu, kama ninavyomwita nyumbani.

Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mwezi wa tatu, wote watatu waliwekwa mbele ya maandamano ya Waairishi. Changarawe zinazomwagwa wakati wa barafu watu wasiteleze zilikuwa bado barabarani. Mpiga picha wa gazeti alipokaribia, Wambura alimshika yaya bega akasema, “Huyu ni wajina wangu. Ukimgusa huyu umenigusa mimi.”

Watu walicheka. Yaya hakucheka. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika koti lake, nikaona namna alivyoinamisha kichwa, kama mtu aliyewekewa mkono wa baraka.

Hapo ndipo lazima nieleze. Mtu mnayeitwa naye jina moja, Watanzania wanasema somo au wajina. Sisi Wakongo tukiwa wenyewe tunasema ndoyi. Wengi wanaishia kuitana na kununuliana soda. Lakini bibi yetu wa mji wa Baraka, aliyetulea mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikuwa na desturi aliyoachiwa na mama yake. Ukipatwa na jambo linalokuzidi, unampelekea wajina wako kitenge kizuri cha nyumbani, na kwenye pembe moja umefunga chumvi. Akikurudishia na fundo lake, amekataa, na hamna kinyongo. Akifungua fundo akaonja ile chumvi, jambo lako limekuwa lake. Na akishaonja, wewe huendi kwa mtu mwingine mpaka kitenge kirudi. Kubisha mlango wa pili ni kumwambia wajina wako kwamba yeye si mtu.

Jambo la yaya lilikuja mwezi wa nne. Mimi nilifika nchi hii mapema, na kundi la wakimbizi walioletwa kutoka kambini. Yeye alibaki, akaja baadaye kwa kibali cha ndoa, ili amwoe Denise aliyekuwa akiishi hapa. Denise alichoka kulala peke yake kila Jumamosi mumewe akiimba harusi za watu, wakaachana bila kugombana. Kibali kilipokwisha, ofisi ya uhamiaji ikajibu kwamba ndoa haipo tena, kwa hiyo arudi Kongo. Rufaa ilikuwa ipelekwe ndani ya wiki tatu. Isipokwenda, uamuzi umesimama.

Obiero alipanda treni kutoka Rissne akaja kwetu Rågsved siku hiyo hiyo. Hata viatu alivua kwa haraka.

“Kuna mwanasheria kanisani kwetu,” alisema. “Mama mmoja mtu mzima, hachukui hela. Kesho nakupeleka.”

“Nitaenda kwanza kwa ndoyi,” yaya alisema.

“Mimi pia si ni wajina wako?”

“Wewe ni mkimbiaji, Obiero. Utafanya nini, unikimbize? Yule ni mkubwa. Na alisema mbele ya watu.”

Obiero alitazama kitenge nilichokuwa nakipiga pasi mezani, cha bibi, cha buluu chenye ndege wa manjano. Akaona na chumvi kwenye kisahani. “Wewe Mkongo, chumvi unampelekea Wambura Jakobsberg? Maduka kule yapo. Karatasi inajibiwa na karatasi.”

“Na mtu anajibiwa na mtu,” yaya alisema.

Nilikunja kitenge. Kazi yangu ni udobi wa hoteli, mikono yangu inajua kukunja hata nikiwa nafikiria kitu kingine. Nilikuwa nafikiria kwamba Obiero anasema kweli, na kwamba bibi naye hakuwa mwongo.

Wambura alitupokea kwenye mkahawa ulio karibu na stesheni ya Jakobsberg. Alinunua kahawa na mikate ya mdalasini, akamwita yaya wajina, akaniita dada. Yaya hakugusa mkate. Alisimama, akapokea kitenge mikononi mwangu, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili, kisha akamweleza yote polepole, kibali, rufaa, wiki tatu. Halafu akamweleza kitenge.

“Fundo hili ukilirudisha limefungwa, sina neno, naenda kwingine. Ukilifungua ukaonja, basi jambo ni lako na mimi nitangoja.”

Wambura alicheka kidogo. “Alltså, yaani, mama yangu alishanisimulia vitu kama hivi. Sikujua bado vipo.”

“Vipo,” yaya alisema.

Meza ya jirani walikuwa wanamtazama diwani wao. Akalifungua fundo, akachovya kidole, akaonja. “Tuko pamoja, wajina,” akasema. Yaya akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Mimi sikuacha kutazama. Wambura alipodhani tumeinama kuchukua mifuko, alijifuta ulimi kwa karatasi ya mkate.

Kwenye treni nilisema, “Yaya, twende na kwa yule mwanasheria wa Obiero. Iwe akiba tu.”

“Arielle, ameonja.”

“Amejifuta.”

“Chumvi ni kali. Wewe hujifuti?”

Tukangoja. Yaya alimwandikia ujumbe, Wambura akajibu kwa picha ya moyo. Akaandika tena, ukaja moyo mwingine na neno moja la Kiswedi, la kusema anashughulika. Obiero alipiga simu kila siku, mwisho akaja na fomu ya rufaa mkononi, tayari imejazwa na yule mama, imebaki sahihi tu. Akaiweka juu ya meza na kalamu juu yake.

“Weka sahihi. Hakuna atakayejua.”

“Mimi nitajua,” yaya alisema. “Na yeye akisimama mbele ya wakubwa kunisemea, waseme mbona mtu wako ameshatuma mwingine, ataweka wapi uso?”

“Hajasimama mahali popote, Paddy.”

“Umekaa naye wewe?”

Obiero alinitazama mimi. Yaya ndiye mkubwa wangu, na kwetu mdogo hamsainii mkubwa. Nilisema tu, “Yaya, kalamu ile hapo.” Akaichukua, akamrudishia Obiero mfukoni kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo. Siku ya mwisho ya rufaa ilipita tukiwa jikoni, yaya akifanya mazoezi ya wimbo wa harusi ya Jumamosi.

Walimchukua yaya kiangazi kimefika, kwenye mlango wa kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Polisi wawili, wapole. Walimruhusu ampe mtu gitaa lake. Nilipokwenda kumwona kwenye kituo cha kuzuilia watu, kulikuwa na meza ya pingpong na mashine ya kahawa, na yaya amekaa amevaa nguo za michezo zisizo zake.

“Ndoyi amesema nini?”

“Hashiki simu.”

“Uchaguzi umekaribia. Ana shughuli.” Kisha akasema, “Hajarudisha kitenge?”

“Hapana.”

“Umeona basi. Jambo langu bado analo.”

Walimpandisha ndege ya kwenda Kinshasa, mji ambao hajawahi kukanyaga, ulio mbali na Baraka mara nyingi kuliko Kigoma, na huko kwetu penyewe kuna vita na njia hazipitiki. Kilingala cha huko yeye anajua cha nyimbo tu. Anajua kusema mpenzi wangu na machozi yangu. Hajui kuuliza chumba ni bei gani.

Mwezi wa nane vibanda vya kampeni vikasimama kila mahali. Nilishuka Jakobsberg siku yangu ya mapumziko. Kibanda cha Wambura kilikuwa na puto, na bango lenye uso wake na jina moja kubwa: Paddy. Mbele yake meza, na juu ya meza vipeperushi, chupa ya kahawa, bakuli la mandazi. Chini ya vyote hivyo, ndege wa manjano.

Walikitandika kitenge cha bibi. Pembe ya fundo ilikuwa inaning'inia upande wangu, na mikunjo yake bado ilikuwepo, maana mkunjo wa fundo lililokazwa hautoki bila pasi yenye mvuke.

“Dada Arielle,” Wambura alisema. Alijua jina langu. Uso wake ulikuwa tayari umejipanga kwa huzuni. “Nilisikia. Iliniuma sana. Nilidhani ana mwanasheria. Kila mtu ana mwanasheria.”

“Alikuambia hatakwenda kwa mtu mwingine.”

“Diwani hawezi kuingilia kesi ya mtu mmoja. Tena mwenye jina langu, mwaka wa uchaguzi. Wangesema nini?”

“Ungerudisha fundo.”

Alitazama huku na huku, akashusha sauti. “Pale watu walikuwa wanatazama. Nilionja kwa adabu tu, dada. Ningemkatalia vipi mtu mbele za watu?”

Nilimtazama. Hakuwa anasema uongo. Kaka yangu aliondoka nchini kwa sababu mtu mmoja aliona aibu kusema hapana.

Nikaweka mkoba chini. Nikaondoa chupa ya kahawa, nikaiweka kwenye kiti. Nikaondoa bakuli la mandazi. Vipeperushi nikavikusanya vizuri, nikampa mkononi, uso wake juu ya uso wake.

“Subiri kwanza, watu wanakuja,” alisema.

“Waje.”

Mama mmoja wa Kiswedi alisimama na mbwa wake, akasema kitambaa ni kizuri sana, akauliza kama naweza kukifungua apige picha. Wambura, sijui ni mazoea, akashika pembe mbili akatabasamu. Mimi nilishika pembe zangu mbili. Picha ikapigwa. Kisha nikavuta, naye akaachia.

Nilikikunja pale pale, mara mbili, mara nne. Kilikuwa na doa la kahawa katikati.

Yaya alipiga simu jioni hiyo. Nyuma yake kulikuwa na honi na watu wanagombana kwa lugha isiyo yetu. Analala kwa mchungaji mmoja, kwenye benchi za kanisa, na mchungaji ameanza kumuuliza ataondoka lini.

“Habari za ndoyi?”

Ningeweza kumwambia bado. Angengoja. Ana subira kuliko mimi.

“Kitenge kimerudi, yaya,” nilisema. “Ninacho hapa magotini.”

Alisogea mbali kidogo na zile honi.

“Basi,” akasema, “sasa naweza kubisha mlango mwingine. Mwambie Obiero nitaweka sahihi.”

Kabla sijamkumbusha kwamba siku ya rufaa ilishapita, nikasikia mtu anamsemesha Kilingala kwa ukali, amtolee begi njiani au sijui nini, naye anajaribu kujibu, anatafuta maneno, anapata yale ya nyimbo tu.