Kilomita za Akiba

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa idara ya maji tangu kijana mpaka anastaafu, na ukitaka kumjua mtunza stoo usiulize ametoa nini, uliza amezuia nini. Huyu wangu alizuia mabomba, koki, misumari, hata mafagio. Fundi akija kuomba spana aliulizwa kwanza ile ya zamani imefanya nini. Siku ya kumuaga walimpigia makofi kwa sababu aliiacha stoo imejaa kuliko alivyoikuta. Dada yangu, ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, alimpachika jina tangu siku tulipooana: Shemeji Kufuli. "Wenzako wanaolewa na watu, mdogo wangu," aliniambia, "wewe umeolewa na kufuli."

Kwa hiyo mtu huyo alipochukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua pikipiki, tena si ya kwendea sokoni bali lile dude la starehe wanaloliita kruza, la kukalia umeegemea na miguu umeitanguliza mbele, nilidhani amerukwa na akili. Nikafurahi sana. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi arukwe na akili japo kidogo.

Kumbe alikuwa amepiga hesabu. Alivuta kiti karibu na cherehani yangu, maana mimi ni fundi nguo na nyumbani ndiko kazini, akanieleza. Pikipiki kama hizi, bei yake huporomoka siku ileile zinapotoka mlangoni mwa duka. Mwenye nayo wa kwanza, daktari fulani aliyehamishwa kikazi, aliiendesha mwaka mmoja tu na kwa nadra, na huyo ndiye aliyebeba hasara. Sisi tumeikuta imeshaanguka. Tukiitunza, kilomita zikabaki chache, baadaye tutaiuza kwa bei ya karibu ileile tuliyonunulia.

"Maana yake, Mama Pacha," alisema akisugua viganja, "tutakuwa tumeipanda bure."

"Tutaipanda lini?" nikamuuliza.

Akacheka, nami nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Mimi nilikuwa na haja moja tu na lile dude. Dada yangu anakaa mji wa pili, safari ya asubuhi moja. Nilitaka tufike kwake juu ya pikipiki, mume wangu mbele, mimi nyuma na helmeti nyekundu aliyoninunulia, injini ikinguruma mpaka kuku wake wakose pa kukimbilia. Nilitaka dada atoke mikono kiunoni kama kawaida yake, avue miwani, aifute, aivae tena. Nilikuwa nimemtetea mume wangu mbele yake kwa miaka mingi na maneno yalikuwa yameniishia. Sasa nilitaka aone kwa macho.

"Tutakwenda," alisema Baba Pacha. "Barabara ikishawekwa lami. Vumbi linakula mnyororo."

Barabara ikawekwa lami. Akasema lami mpya inarusha kokoto, zitatoboa rangi ya tangi. Kokoto zikaisha, mvua zikaanza. Mvua zikaisha, akasikia kwa mtu kwamba jua kali hupausha ngozi ya kiti. Binti wa dada alipoolewa tulikwenda kwa basi, nimepakata gauni la bibi harusi nililolishona mwenyewe. Dada akatupokea kituoni.

"Nasikia Kufuli amenunua pikipiki. Iko wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

"Inalinda nyumba?"

Baba Pacha alijifanya anatafuta mzigo wetu, na mzigo wetu ulikuwa mkononi mwake.

Ukweli ni kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa inailinda pikipiki. Chumba cha mapacha wetu, ambao wameshaoa na kuhamia mbali, kilipanuliwa mlango ili iingie. Ikafunikwa turubai, na chini ya turubai akataka shuka laini isikwaruze rangi, na aliyeishona shuka hiyo ni nani kama si mimi? Wageni wakawa wanalala sebuleni. Kila Ijumaa aliitoa, akaenda nayo mpaka kwenye kona, akarudi, akazisugua tairi kwa mswaki. Nikimwambia twende nayo japo sokoni, ananijibu, "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Nikinuna, ananibembeleza: "Akiba haiozi, mke wangu." Kwa upande wa methali mume wangu hakuwa bahili hata kidogo.

Lakini nisimseme kupita kiasi. Aliipenda, na nadhani aliamini kweli kwamba alikuwa ananitunzia mimi. Jioni moja nilimkuta amekaa juu yake mle chumbani, injini imezimwa, mikono kwenye usukani, anatazama ukuta. Aliponiona akasogea mbele kidogo kunipa nafasi. Nikapanda nyuma yake. Tulikaa hivyo kitambo, sote tukitazama ukuta, kisha nikaenda kuepua sufuria.

Kiharusi kilimkuta mlemle, kitambaa cha kung'arishia mkononi. Nilisikia kitu kikianguka nikadhani ni helmeti. Alipona kwa kadiri alivyoweza kupona: anatembea kwa fimbo, anaongea ukimvumilia, lakini mkono wa kulia, ule wa kuvutia mafuta na kushikia breki, umelala. Mwaka mzima hakuna aliyeitaja pikipiki. Nilikuwa napita nje ya kile chumba kama mtu anayepita kwa jirani waliyekosana naye.

Kisha asubuhi moja, chai ikiwa bado mezani, akasema mwenyewe, silabi kwa silabi, "Tuiuze."

Pesa za mazoezi ya viungo zilihitajika, hilo kweli. Lakini mimi namjua. Alitaka hesabu yake itoke sawa. Kama mkono umekwenda, basi angalau bei iwe imebaki, aweze kujiambia kwamba hakukosea. Na mimi nilijua kwamba siku pikipiki itakapotoka, safari yangu itatoka nayo. Nikasema sawa, tuiuze.

Aliyekuja kuitazama alikuwa dalali mwanamke, mpana wa mabega, buti miguuni, dumu la petroli mkono mmoja na begi la vifaa mkono mwingine. Mume wangu alichungulia nyuma yake kumtafuta dalali.

"Ni mimi mwenyewe, mzee," akasema. "Hakuna mwingine anayekuja."

Alifanya kazi uani asubuhi nzima. Petroli ya zamani aliimwaga kwenye beseni, ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akafungua kabureta, akaisafisha, akabadilisha plagi, akaweka betri yake. Akamulika ndani ya tangi kwa simu, akaguna. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaguna tena. Mume wangu alikuwa anamfuata kwa fimbo yake akiisifia pikipiki, nami nikawa namtafsiria, maana dalali hakuwa amezoea usemi wake.

"Anasema kizuri chajiuza," nikamwambia. "Anasema utazame mita. Haijafika hata kilomita elfu mbili. Anasema kila Ijumaa alikuwa anaifikisha kwenye kona tu."

"Nimeiona mita, mama. Ni safi sana."

Uso wa mume wangu ukang'aa. Sikuwa nimeuona uking'aa hivyo tangu augue, na nikaomba moyoni yule mwanamke aseme bei nzuri, hata kama ni ya uongo.

Alisema bei. Ilikuwa nusu ya ile tuliyonunulia, na chenji kidogo.

Mume wangu aliongea kwa haraka, na akiongea kwa haraka hata mimi simwelewi. Nilichosikia ni "kilomita" mara nyingi. Dalali akafuta mikono kwa kitambaa, akakaa juu ya dumu lake. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tuelewe.

"Mzee wangu, kilomita wanaziuliza kwenye pikipiki za kazi, zile za kubeba mizigo na abiria. Hizi kubwa za starehe, mteja anauliza kwanza mwaka. Mwaka ukipita, bei inashuka, imetembea haijatembea. Mtindo mpya ukitoka inashuka tena. Na kukaa nako kunaharibu. Tairi zimekuwa ngumu, lazima zibadilishwe. Sili za shokapu zimekauka, mafuta yanavuja. Tangi lina kutu. Kuiwasha na kuifikisha kwenye kona tu hakuisaidii, injini haipati hata moto wa kutosha. Mwenzake wa mwaka huohuo aliyetembea kilomita elfu kumi ningemnunua bei hiihii. Tena ningemchukua haraka zaidi, maana najua anatembea."

Hapo nilipaswa kusikia raha. Mara ngapi nilimwambia kwamba hata nguo ikikaa sandukuni muda mrefu inachakaa kwenye mikunjo? Nilikuwa na haki ya kusema "nilikwambia", neno tamu kuliko yote katika ndoa, na lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nilipomtazama likanirudia kooni. Alikuwa ameshika kiti kwa mkono ule mzima, midomo inatafuta neno.

Akasema kitu. Dalali akanigeukia.

"Anasemaje, mama?"

Nilikuwa nimemsikia vizuri. Sikutaka kusema. Akanigusa kwa fimbo, akarudia, akanionyesha kwa kidevu nimwambie.

"Anauliza," nikasema, "kama angenipeleka kwa dada yangu, kwenda na kurudi, bei ingeshuka kiasi gani."

Dalali alidhani bado tunapatana bei. Akacheka kwa wema, akatikisa kichwa.

"Isingeshuka, mzee. Hata senti moja. Hata ungempeleka kila mwezi."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, mara moja, polepole, kama alivyokuwa akiitikia stoo baada ya kuhesabu mali. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye pikipiki, halafu kwangu.

"Mpakie," akasema, na safari hii dalali alielewa bila tafsiri.

"Mimi?" nikang'aka. "Sasa hivi? Mimi ndio mzigo wa kufanyia majaribio?"

"Mpakie," akarudia. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikaona kwamba nikikataa nitakuwa nimemfungia mlango wa mwisho. Nikaenda kuchukua helmeti.

Dalali aliendesha taratibu kwa ajili ya zile tairi, tukapita kona ambayo pikipiki ile haikuwahi kuivuka tangu iwe yetu. Sikujua mikono niiweke wapi. "Nishike kiunoni, mama," akasema, nikamshika. Upepo ukaingia mikononi mwa gauni langu ukalijaza. Watoto wakapunga mikono. Kulikuwa na ngurumo chini yangu, si kelele, ngurumo ya kutuliza, na barabara ilikuwa inakuja na kupita bila mimi kufanya lolote. Nilijikuta nacheka peke yangu ndani ya helmeti, mwanamke wa umri wangu. Kisha nikakumbuka ninayemshika ni nani, nikanyamaza.

Tulipofika njia panda, barabara ya kwa dada ikiwa mbele yetu, nyeusi na imenyooka, dalali akasimamisha.

"Ndiyo hii ya kwa dada yako? Ukitaka nakuja siku nyingine na tairi mpya, nakufikisha. Sitakudai kitu."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Dada yangu atauliza dereva ni nani."

Akafikiri kidogo, akageuza.

Mume wangu alikuwa ametoa kiti nje ya lango, ameketi. Dalali alinishusha, akaingia uani kukusanya vifaa vyake, akatuacha wawili. Helmeti ilikuwa imekivuruga kilemba changu na sikukirekebisha.

"Ikoje?" akauliza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naandaa uongo. Ningemwambia kiti kigumu, inatingisha, mgongo unaniuma, hukukosa kitu. Ulikuwa uongo mzuri, nimeushona vizuri. Lakini tumelala kitanda kimoja maisha yetu yote na angeujua kabla sijaumaliza.

"Tamu," nikasema.

Akainamisha kichwa. Alichukua muda mrefu kulipanga alilotaka kusema, nami nikamngoja, kwa kuwa kungoja ndiyo kazi niliyoizoea kwake.

"Ningekupeleka," akasema. "Ningekupeleka tu."

Nikachuchumaa mbele yake, nikaushika ule mkono uliolala.

"Najua," nikamwambia.

Sikuwa najua kama kweli angenipeleka, na mpaka leo sijui.