Meza Iliyosomewa Fatiha

Mambo yote yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe 15 Agosti 1974, baada ya sala ya alasiri, Bi Ashatu wa nyumba ya pili alipoingia uani kwa Kitwana kuomba kaa la moto. Alikuwa na kigae chake mkononi. Akafika mlangoni mwa jiko, akasimama. Akakiweka kigae chini taratibu, akavuta kanga kichwani, akainua mikono na kusoma Fatiha.

Kitwana alikuwa upande wa pili, ameshika chungu cha nguru. Alidhani mama wa watu anaiombea nyumba yake, maana ilikuwa kuamkia Miraji, na siku kama hizo watu wana dua nyingi. Naye, kwa adabu tu, akasema, "Amina."

Hiyo amina ndiyo iliyomponza. Maana kilichosomewa Fatiha hakikuwa kaburi. Kilikuwa meza ya kupikia.

Tangu Mardhiya mkewe afariki, Kitwana alikuwa hali chakula cha nyumbani. Mardhiya alizidiwa siku ambayo gari la wagonjwa lilikuwa limewapeleka wakubwa mkutanoni Msata. Liliporudi lilikuwa limejaa mananasi ya Kiwangwa, na Mardhiya alikuwa ameshaoshwa. Kitwana hakuwahi kula nanasi tena. Kupika alikuwa akijua, ila magoti ndiyo yaliyomshinda. Kazi yake ya maisha ilikuwa kujengea makaburi kwa mawe na chokaa, kuchuchumaa asubuhi mpaka jioni, na sasa magoti yalikuwa yamegoma. Akichuchumaa penye mafiga, chakula kitaiva, kitaungua, na yeye bado yuko chini anangoja mpita njia wa kumnyanyua.

Dada yake Bimdogo, aliyeolewa Kiwangwa, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Siku ya vunjajungu, kuamkia Ramadhani, nitakuja na kuku. Ukimpika mwenyewe, nikala nikashiba, baki na nyumba yako. Ukishindwa, tunafunga mlango huo, tunakwenda wote Kiwangwa. Shamba linataka mtu wa kufukuza nyani."

"Dada, mimi nyumba hii siiachi."

"Basi pika."

Ndipo Kitwana alipokumbuka nyumba moja ya Mzungu kule Dar es Salaam, aliyoifanyia ukibarua ujanani. Jikoni mle palikuwa na meza ya matofali katikati kabisa, haikugusa ukuta hata mmoja, na mpishi alikuwa akiizunguka kasimama wima kama askari. Anakata kitunguu huku, anageuka, anakoroga kule, goti halijui lolote. Kitwana alichukua kijiti akaichora mchangani, akaifuta, akaichora tena, mpaka akaridhika.

Akaenda kutafuta saruji. Dukani kwa ushirika wakamwambia saruji ni kwa kibali. Aliyetakiwa kutoa kibali akamwambia angoje mkubwa. Mkubwa alikuwa kwenye semina ya kujitegemea. Akaenda, akarudi, akaenda, mpaka kandambili zikalika kisigino, na mkubwa bado anajifunza kujitegemea. Kwa hiyo Kitwana akajitegemea kwa kile alichonacho: mawe ya matumbawe na chokaa. Na hili alilisema mpaka mate yakamkauka, kwamba angepewa saruji, asingekuwepo mtu wa kuona kaburi.

Futi ya kupimia hakuwa nayo, akapima urefu kwa njia yake ya siku zote, kwa kujilaza chini. Aliielekeza mashariki na magharibi, ili upepo wa kusi umsukumie moshi upande wa pili, asiumie macho. Kwa hiyo akisimama kupika anaelekea kibla. Ncha zote mbili akaziinua kidogo, sufuria zisiteleze. Ubavuni akaacha kishubaka cha kiberiti na chumvi. Halafu mbele, katikati, akapachika bakuli la Mardhiya lenye maua ya buluu, ili lisikae bure kabatini. Akaipaka chokaa yote, ikawa nyeupe, inang'aa.

Alirudi nyuma akaitazama. Imependeza. Kwa nini lakini alijiona anataka kuvua kandambili, hilo hakulijua.

Bi Ashatu aliondoka bila kaa lake la moto, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Kesho yake Kitwana aliamka akakuta ubani unafuka kwenye kishubaka, kiberiti kimesogezwa kando. Siku ya pili mtu alisimika bendera nyeupe. Wiki haijaisha wakaja watu kutoka Pangani, na Bi Ashatu ndiye aliyekuwa akiwapokea, kwa kuwa ameshaota. Ndotoni aliambiwa kwamba aliyelala pale ni sharifu wa zamani, mcha Mungu, mpenda samaki.

"Mpenda samaki?" Kitwana aliuliza.

"Wewe huisikii harufu ya nguru, baba?"

"Nguru nimemkaanga mimi."

"Umekaangishwa," Bi Ashatu alisema kwa upole, akamkalisha mgeni mwingine.

Akaja balozi wa nyumba kumi, Mwinyijuma, mtu mnene aliyezoea kukohoa kabla ya kusema.

"Mzee Kitwana, umezika mtu ndani ya nyumba bila kutoa taarifa?"

"Sikuzika mtu. Ni meza."

"Meza ina miguu."

"Hii haina."

"Umeona sasa, mwenyewe unakiri." Mwinyijuma aliizunguka, akagusa bakuli kwa kidole, akakirudisha kidole upesi. "Na hili bakuli? Wewe fundi, unajua wanaowekewa mabakuli kaburini ni watu gani."

"La mke wangu."

"Ndiye uliyemleta hapa?"

"Mardhiya yuko makaburini, wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

"Nilibeba jeneza," Mwinyijuma alikubali. "Sikuchungulia ndani."

Jambo likapanda wilayani, akatumwa bwana mmoja mwenye kaunda suti ya kijivu. Alisikiliza pande zote kwa subira kubwa. Kisha akasema, "Ndugu Kitwana, serikali haina ugomvi na meza, wala haina ugomvi na marehemu. Shida ni kutojua. Tukivunja tukakuta mtu, tumefukua kaburi, na hilo ni kosa. Mashehe nao wamesema kaburi halifukuliwi."

"Na mkikuta hamna mtu?"

"Tutakuwa tumeharibu mali ya mwananchi. Kosa vilevile."

"Mali ni yangu, na mimi natoa ruhusa. Leteni sururu."

"Unatoa ruhusa kama mwenye meza," bwana yule alisema. "Lakini kama mwenye meza si wewe, ni sharifu, ruhusa yako haina nguvu. Kwa sasa usivunje. Na usipike."

Kitwana akamwuliza apike wapi basi. Bwana yule akamwambia suala hilo liko idara nyingine, akapanda gari. Gari lilikuwepo siku hiyo, na mafuta yalikuwemo. Kitwana alilitazama mpaka likapotea.

Siku ya vunjajungu Bimdogo akateremka kwenye lori, kuku jike amemshika kwapani. Alivua viatu mlangoni, kama alivyoona wengine wamefanya, akapenya katikati ya watu, akaiona bendera, akauona ubani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kitwana, hii si ndiyo ile ya baba?"

"Ipi ya baba?"

"Kaburi ulilomjengea baba. Mgongo huu huu, ncha hizi hizi. Kilichozidi ni kiberiti."

"Mikono inajua hivyo," Kitwana alisema. "Wangenipa saruji—"

"Acha saruji." Bimdogo alikuwa ameinama mbele ya bakuli la buluu. "Mkeo amelala chini ya mchanga mtupu, hana hata jiwe la kichwani. Chokaa imekuja kuishia jikoni."

Kitwana alifungua kinywa aseme juu ya kibali, na semina, na mkubwa. Akachukua kuni, akazipanga kati ya zile ncha mbili, akachukua kiberiti.

Bi Ashatu akamshika mkono, si kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mfiwa. Mwinyijuma akakohoa. "Mzee Kitwana, kuna amri."

"Nisipopika, huyu ananichukua Kiwangwa."

"Akuchukue?" Bi Ashatu alimgeukia Bimdogo. "Mtunza kaburi hachukuliwi, mama. Nani atafagia? Nani atapokea wageni?"

Mwinyijuma alisema hilo nalo ni kweli, mtunzaji akiondoka lazima taarifa itolewe, na yeye taarifa hiyo hataitoa. Bimdogo aliwatazama mmoja mmoja, halafu akamtazama ndugu yake, aliyesimama wima nyuma ya mawe yake meupe, kiberiti mkononi. Akamfunga kuku kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko.

"Basi baki na nyumba yako," alisema. "Mimi njaa inaniuma, naenda mgahawani."

Hivyo ndivyo Kitwana alivyoipata nyumba akalikosa jiko. Kila Alhamisi wageni humletea mikate na wali, anakula mpaka Jumamosi, na kuanzia Jumapili anaishi kwa kahawa ya jirani. Kuku hakuchinjwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumla kabla haijajulikana angepikwa juu ya nini. Akapanda mwenyewe juu ya mawe, akachagua pale katikati palipokusudiwa moto, akaanza kutaga.

Yai la kwanza Kitwana alilichukua lingali na joto, akalitia mfukoni. Bi Ashatu akamwona, akasema hiyo ni sadaka ya sharifu. Mwinyijuma akasema liko juu ya jambo linaloshughulikiwa, lisiguswe. Kitwana akalirudisha. Sasa yamekuwa mengi. Kila Jumatatu, tumbo tupu, anakwenda wilayani na yai moja mkononi, anakaa kwenye benchi mpaka aitwe, na akiitwa anauliza neno lake moja, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye jikoni mwake:

"Yai lililotagwa juu ya kaburi lisilo na maiti, nyumbani kwangu, na kuku wa dada yangu, ni la nani, na nilikaangie wapi?"