Hawajashiba Sana

Barua ya Liwali wa Karangsewu ilifika mezani kwangu Jumatatu, kwa Kijava cha adabu, kile cha kumwandikia mkubwa. "Kwa msamaha wako, watu wangu wadogo msimu huu hawajashiba sana." Mjava yeyote akisoma hivyo anajua huko watu wanazikana. Neno "njaa" humtupii mkubwa usoni, ni tusi.

Mimi nilijua zaidi. Dada yangu Sarinten aliolewa hukohuko, ana watoto watatu, na alishaniletea habari kwamba wanachemsha mizizi ya migomba. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri barua za maliwali, kisha zinapelekwa kwa meli hadi Uholanzi kwa Waziri wa Makoloni, maana Java yetu ilitawaliwa na Waholanzi. Ghala la mpunga la serikali halifunguliwi bila ruhusa yake. Basi nikaandika kwa Kiholanzi: "Watu wanakufa kwa njaa."

Bwana Terhoeven, msimamizi wa barua zote za kwenda kwao, akaniita. Huyu alijifunzia Kijava darasani Uholanzi, na kamusi haimtoki mkononi.

"Wiryadi, hii njaa umeitoa wapi? Nionyeshe."

"Haimo, Bwana. Lakini ndiyo maana yake. Sisi hatumwambii mkubwa hivyo."

"Kumbe siku hizi tunatafsiri yasiyoandikwa! Una ndugu huko, sivyo?"

"Dada yangu, Bwana."

"Ahaa! Basi njaa imetoka kwa dada."

Akacheka, akaufuta mstari wangu kwa wino mwekundu, akaandika mwenyewe: hawajashiba sana. Neno kwa neno, sahihi kabisa. Mwanaharamu yule!

Jibu lilirudi baada ya miezi mitatu. Waziri alisema, kwa kuwa watu hawajashiba sana, wahimizwe kulima kwa bidii, na ghala lisiguswe. Wakati huo shemeji yangu alikuwa ameshamzika Sarinten na watoto wawili. Alibaki yule mdogo, na tumbo lake limevimba.

Nikaambiwa nitafsiri jibu kwa Kijava cha adabu. Adabu ya nini tena? Nikaandika kwa Kijava cha jikoni, kile unachomkemea nacho mwanao: "Wewe! Wamekataa. Watu wako wanakufa njaa na wewe unaremba maneno. Vunja ghala, wape wale." Bwana Terhoeven akapiga muhuri bila kusoma, maana majibu ya kukataa yalimchosha.

Nilidhani Liwali atashtuka. Wapi! Ghala hakuligusa. Alichofanya ni kuandika malalamiko, na safari hii hakuzunguka hata kidogo: "Karani wako amenitukana. Mwadhibu."

Barua hiyo ilifika asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshafukuzwa, niko barabarani na mwavuli wangu. Kwa hilo, Waziri hakuulizwa.