Siku Niliyoishangilia Tuckett

Kwanza mjue kwamba nyumbani kwangu karoti haziingii. Maboga hayaingii. Marehemu mume wangu alikuwa akila machungwa yake gereji, mlango umefungwa, kama mlevi anayejificha. Rangi ya chungwa ni ya Chuo cha Tuckett, na mimi, Nadine Vondracek, ni mtu wa Chuo cha Harlan, kijani toka utosini hadi unyayoni. Wengine huita wazimu, nami sibishi.

Dada yangu Arlys alikuwa kijani pia, mpaka alipoolewa na Delmar wa Tuckett, akabadili rangi pamoja na jina. Sikumsamehe, naye hakuomba msamaha. Mwaka mzima tunanuniana. Lakini kila Novemba, Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, Harlan na Tuckett hukutana kwenye mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kubeba na kugongana, na sisi tunakutana pale nje wanapoegesha magari, pikapu zimefunguliwa nyuma, majiko yanafuka. Ambaye timu yake ilifungwa mwaka uliopita ndiye anayepika mchuzi wa nyama na maharage mekundu, na mikate ya mdalasini ya kulia mchuzi huo, kisha anampakulia mwenzake kwa mikono yake huku akisimangwa. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Ndiyo siku pekee ninayokuwa na dada.

Basi wakubwa wa Harlan wakatangaza kwamba wanafikiria kuihama Ligi ya Nyanda, tunayocheza pamoja na Tuckett, waende Ligi ya Pwani, huko mbali ambako lazima upande ndege. Sababu ni mtoano wa taifa. Timu zilizokuwa zikiingia ni chache, ligi kubwa zinagawana minofu, na ligi ndogo kama yetu inatupiwa mfupa mmoja. Harlan ikihama, mechi ya Novemba imekufa, maana ratiba ya huko haina nafasi ya jirani. Mimi na Arlys tungebaki kuonana misibani tu. Niliumia, jamani. Na mtu pekee ambaye ningemwambia ni yeye, ambaye tumenuniana.

Halafu kiangazi mtoano ukapanuliwa, timu zikawa ishirini na nne. Sasa hata ligi ndogo ingeweza kuingiza timu mbili, mradi ithibitishe kwamba inaweza kupambana na wakubwa. Bodi ya Harlan ikaanza kukuna kichwa: kwa nini tuende Pwani kupigwa kila wiki, ikiwa mlango uko hapa hapa nyumbani? Wakasema watapiga kura siku ya Jumatatu, baada ya kuona mechi moja. Mechi yenyewe ilikuwa Tuckett dhidi ya Cardwell, jitu la Ligi ya Pwani. Tuckett ikishinda, ligi yetu imeheshimika na Harlan inabaki. Ikifungwa, tunafunga mizigo.

Yaani furaha yangu ikawekwa mikononi mwa Tuckett. Dunia hii haina haya.

Delmar hakuchelewa kunitafuta. "Shemeji, nasikia siku hizi unatuombea."

"Naiombea ligi."

"Na hiyo ligi itavaa rangi gani Jumamosi?"

"Delmar, usinichokoze."

"Njoo bwana. Nina jaketi la ziada."

Nikaenda hadi uwanja wa Tuckett, pale nje wanapopikia kando ya magari. Nikalivaa lile jaketi la chungwa mbele ya watu, mchana kweupe. Arlys akanizunguka akinikagua kama mteja sokoni.

"Limekupendeza," akasema.

"Linaniwasha."

"Mwili au roho?"

"Vyote viwili, dada."

Akageuka haraka akakoroga sufuria, lakini nilimwona mabega yakitikisika kwa kicheko.

Tukaingia uwanjani, tukakaa katikati ya Watuckett watupu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Cardwell walipomkwepa mlinzi wa mwisho na kuvuka mstari na mpira. Hapo, kabla akili haijafika, nilikuwa nimeshasimama, mikono juu, napiga vigelegele. Miaka yote hiyo nimeshangilia kila anayeifunga Tuckett, mazoea yana taabu. Safu nzima ikanigeukia. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa upole mimi ni mgeni wa nani.

"Ni shemeji yangu," Delmar akasema. "Ana matatizo. Mvumilieni."

Arlys akanivuta jaketi. "Kaa chini, Nadine. Leo wale ndio wabaya."

"Najua. Miguu ndiyo haijui."

Mwishoni Tuckett walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na mpiga teke wao akaitwa aupitishe mpira katikati ya nguzo, jambo ambalo lingewapa pointi tatu. Umbali ulikuwa wa kukatisha tamaa. Mimi huyu, niliyewahi kuwaombea wapiga teke wa Tuckett wavunjike vifundo, nikafumba macho nikamwomba Mungu amlinde yule kijana kila kiungo. Sikuuona mpira ukiruka. Nilisikia uwanja ukilipuka, nikafumbua macho, nikajikuta nimemkumbatia yule mzee wa nyuma.

Nilipomgeukia Arlys, alikuwa amekaa. Hakushangilia. Alikuwa akitazama mikono yake tu, nami nikadhani amechoka.

Jumatatu mchana redio ikatangaza kwamba bodi imepiga kura na Harlan inabaki. Sijakaa sawa, simu ikalia, nikaona ni Arlys. Sasa dada yangu hapigi simu hivi hivi. Alinipigia mama alipofariki, akanipigia baba alipofariki.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna."

"Delmar mzima?"

"Mzima. Hakuna aliyekufa, Nadine. Nimepiga tu. Nilikuwa naogopa hutakuja tena."

Kisha akalia. Arlys, ambaye makaburini hakutoa chozi mbele yangu, alilia kwa sauti, nami nikavuta kiti cha jikoni nikakaa, nikalia naye mpaka tukamaliza.